Kadi ya Mnakili wa Siriwe

Nalala kazini, saa saba unusu mchana, kichwa juu ya meza ya chumba cha miswada, na sioni haya kusema. Mbele yangu iko kadi moja ngumu, nyeupe, nimeijaza kwa mkono wangu mwenyewe na kuitia sahihi chini, na ikifika alasiri Bi Saada ataipitia aipeleke kwa wachapaji wa orodha kuu. Orodha ikishachapwa ndiyo basi, maneno yake hayafutiki mpaka tufe sisi na wafe waliotuzika. Kadi inasema hivi: Mswada wa tenzi na dua, kurasa mia na kumi na mbili, mji wa Siriwe. Wanakili, wawili. Mwanaate binti Omari, kurasa za mwanzo. Athumani bin Omari, kurasa za mwisho. Dada na kaka. Uongo mtupu. Mnakili ni mmoja, na mimi ninajua kuwa ni mmoja, na sahihi iliyo chini ni yangu.

Nieleze vizuri, maana watu hudhani kazi yetu ni kupangusa vumbi. Zamani mtu akitaka kunakili kitabu huanza na ubao wa mistari. Ni ubao uliovutwa nyuzi kutoka huku kwenda huku. Karatasi hulazwa juu yake, ikasuguliwa kwa dole gumba mpaka nyuzi zikaacha alama, na juu ya alama hizo ndiko wino hupita. Kila mnakili na ubao wake. Sasa uzi wa saba wa ubao huu ulikatika siku moja, ukaungwa kwa fundo, na fundo lile limeacha kivimbe kidogo kama punje ya mtama katika kila ukurasa, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho. Nimevipapasa vivimbe vile miezi minne. Mwandiko ni ule ule, kuchovya wino ni kule kule, hata uvivu wa kufunga herufi ni ule ule. Ukurasa wa sitini, kitabu cha kwanza kinapokwisha, mnakili kaandika tamati yake na jina lake, Mwanaate. Ukurasa wa mwisho kaandika tamati nyingine, tarehe ya miaka tisa baadaye, na jina lake, Athumani. Hakuficha kitu. Nikampelekea Dakta Mselem, mkuu wetu, msomi wa watu, mpole, mwenye kunukia udi tangu mlangoni. Akanisikiliza, akacheka kidogo, akasema, majina mawili ni watu wawili, kijana, hiyo ndiyo kanuni yetu, na ubao huazimwa ndani ya nyumba. Nikamwambia, na mwandiko je? Akasema, walifundishwa na baba mmoja. Kisha akavua miwani, akanitazama, akasema, lakini jambo hili wewe linakuuma kwa nini? Hapo nikainamia kadi. Mimi naitwa Thabiti, nilizaliwa nikaitwa Thureya, na hapa kazini hakuna ajuaye. Linaniuma kwa nini, ninajua barabara. Nikasema, haliniumi, Dakta. Nikashika kalamu, nikaandika wawili.

Basi nalala. Kidole changu kiko juu ya ukurasa wa sitini, juu ya kile kivimbe, na usingizi unaponichukua kivimbe kinakua, kinapanda, kinakuwa kizingiti cha nyumba, nami nakivuka kwa mguu wa kulia kama nilivyofundishwa, na nimo ndani. Ndani ni nje. Ni nchi nyeupe isiyo na mti wala jua, na barabara kumi na tano zimelala sambamba, zote zinakwenda mkono wa kushoto. Nafuata ya kwanza mpaka mwisho wake, na mwisho wake ni mwanzo wa ya pili, nafuata ya pili, nayo inanimwaga katika ya tatu, na miguu yangu i mitupu na inaacha nyayo nyeusi. Kila nikifika ya saba najikwaa mahali pale pale. Naumia dole, nalaani, naendelea, nafika ya kumi na tano, na hiyo nayo inanirudisha ya kwanza. Sijui nimezunguka mara ngapi. Mtu angalisema ni ndoto tu, lakini dole linatoka damu, na damu yenyewe ni wino.

Kwenye kona yuko mtu ananingoja. Kanzu nyeupe, kofia ya vito, viatu safi, kila kitu sawasawa, ila uso hana. Mahali pa uso pana karatasi iliyosuguliwa mistari na haikuandikwa kitu. Namwuliza, ndugu, njia ya kutokea iko wapi? Ananiambia, kitendawili. Nami kwa mazoea tu, kama mtoto yeyote wa pwani, nasema, tega. Anasema, ninazo njia kumi na tano na sina niendako. Nasema, ukurasa. Hasemi nimepata wala nimekosa, anageuka tu, na pale alipogeukia barabara inapasuka na mji unaonekana. Nalijua tangu hapo sharti la mchezo, kila mtu wetu analijua: ukishindwa kitendawili, aliyetega hukuambia nipe mji, nawe humpa mji wowote, na yeye akishapewa mji ndipo atoe jibu. Utotoni tulikuwa tunagawa miji ovyo, leo Unguja, kesho Kilwa, hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Mji ni wa safu mbili. Safu ya kulia inaitazama safu ya kushoto, na kila kilichopo huku kipo kule, kimegeuzwa. Mwanamke akitandaza khanga dirishani huku, kule nako khanga inatandazwa. Nikipunga mkono, yuko mtu ng'ambo ananipungia, na sitaki kumwangalia sana. Kila mlango umebandikwa kadi nyeupe, ngumu. Nasogea kusoma. Mlango wa kwanza umeandikwa, Majirani. Ndani wako wanawake wawili watu wazima wanasukana nywele, kitanda kimoja nyuma yao, mito miwili. Nawaamkia, nawauliza, majirani tangu lini? Mmoja anasema bila kugeuka, miaka arubaini na miwili, baba, na kila usiku ananinyang'anya shuka, hebu niambie jirani gani huyo. Mwenzake anamgonga na kitana kichwani, anamwambia nyamaza wewe, shuka unalivuta mwenyewe. Wanacheka, kisha wanaitazama kadi na kicheko kinawakatika. Mlango wa pili umeandikwa, Mashairi ya kumpenda Mungu. Mwenye nyumba ni bwana mmoja mwembamba, amekasirika, anazunguka chumba kizima. Ananiambia, sikiliza, mimi Mungu wangu namwogopa, tena sana, siwezi kumwandikia kuwa nimekosa usingizi kwa kidoti cha shavuni mwake. Nilimwandikia Fumo, mshona kofia, na jina lake nimelitaja ubeti wa pili, lisome. Nani kakuambia ulifute? Nageuka kumwangalia kiongozi wangu asiye na uso. Anasema, hiyo ndiyo kanuni. Nataka kumjibu bwana yule kwamba sikuandika mimi, lakini naitazama kadi kwa karibu na mwandiko ni wangu. Nakumbuka hata siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, nilikuwa na haraka, nikasema moyoni, afadhali hivi, wasije wakamtukana maiti. Na mwenye nyumba ananisoma usoni. Anasema, ulinisitiri, eh? Nani alikutuma unisitiri?

Hapo kiongozi ananishika bega na kunitoa njiani. Kitendawili, anasema. Tega, nasema. Aliingia mmoja, wakahesabu wawili. Nalijua jibu. Hata mbuzi angalijua. Jibu linanikaa mdomoni limeiva, natakiwa kulitema tu, na wakati huo huo naona itakavyokuwa nikilitema: karatasi ile ya usoni itainama karibu nami itaniuliza, wewe umejuaje? Nasema, nimeshindwa. Anasema, nipe mji. Nasema, chukua Mombasa. Natoa Mombasa vyepesi kama nilivyoitoa mara elfu nikiwa mdogo, naye ananyoosha mkono anaipokea, anaitia mfukoni mwa kanzu, na papo hapo siijui tena njia ya kwenda kwa shangazi yangu Makadara. Natafuta kichwani, mlango wake ulikuwa rangi gani, ngazi zake ngapi, hakuna kitu. Na kiongozi, kwa kuwa amekwisha pewa mji, jibu sasa ni lake kulitoa. Anasema kwa sauti ya kutosheka, dada na kaka. Namwambia, silo. Anasema, umenipa mji.

Tunakwenda. Mji hauishi, kila mwisho wa barabara unaanza tena, na kila kona kitendawili ni kile kile, aliingia mmoja, wakahesabu wawili, na kila kona nashindwa kwa makusudi. Nampa Tanga, na inapotoka inaondoka na marehemu babu yangu aliyezikwa kule. Nampa Pangani. Nampa Bagamoyo, ambako nilinyoa nywele mara ya kwanza kwa kinyozi asiyeniuliza lolote, na kinyozi yule anaondoka nayo. Nampa Mikindani, ambayo sijapata kufika, nikidhani nimemfanyia ujanja, lakini hata hamu ya kufika inanitoka. Kila mji akiupata anasema, dada na kaka, dada na kaka, na kila akisema safu mbili za nyumba zinasogea mbali zaidi, mpaka watu wa huku na wa kule wanapaza sauti na hawasikilizani. Namwambia, wewe ni nani hasa? Anasema, mimi ni ulivyoniandika. Nakasirika, namwambia sema maneno ya watu. Anatangulia mbele.

Kisha tunafika Siriwe. Naijua kabla ya kuambiwa, maana najikwaa. Nyumba mbili zinatazamana, kila moja na kadi yake mlangoni, na wino wa kadi hizo bado mbichi. Naingia ya kulia. Ameketi mtu kwenye mkeka, au tuseme ameketi nusu yake, kama papai lililopasuliwa wima: jicho moja, bega moja, mkono wa kulia, na mkononi kalamu. Mbele yake ubao wa mistari na karatasi, na kila akiigusa karatasi kwa kalamu karatasi inateleza, maana hana wa kuishika. Natazama ng'ambo kupitia dirishani, na katika nyumba ya kushoto iko nusu nyingine, mkono wa kushoto umetandazwa mkekani, umeikandamiza hewa. Mkono wa kuandika uko nyumba hii, mkono wa kushika karatasi uko nyumba ile. Nasema, shikamoo. Anasema, shikamoo yako nimeisikia, marahaba yake siitoi. Karibu, bwana wa kadi. Namwita kwa jina, Athumani, na jicho lile moja linanitazama. Anasema, kumbe unalijua. Nilidhani hulijui. Ningalifurahi kama hulijui.

Nakaa chini bila kukaribishwa. Namwambia kwamba mkuu wangu ndiye aliyetaka hivyo. Anasema, mkuu wako simlaumu, yeye haoni, asiyeona halaumiwi. Wewe kidole chako kilikuwa juu ya fundo langu. Nililifunga fundo lile mwaka ule baba aliponifundisha kazi, kwa meno, na wewe ulilipapasa ukacheka peke yako chumbani, nikakusikia. Nikasema, huyu amenijua. Nikangoja. Miaka yote hii nimesomwa na watu wanaotafuta tenzi, wanaotafuta tarehe, wanaotafuta nani alitawala, na sikungoja hata mmoja wao. Nimekungoja wewe, ukaandika dada na kaka. Sauti yake haipandi. Inatoka nusu nusu, nusu moja hapa na nusu ng'ambo, na ile ya ng'ambo inachelewa kidogo. Namwambia, ningeulizwa. Anasema, ungeulizwa nini? Nasema, nimejuaje. Anasema, na ukiulizwa? Nasema, ningefukuzwa, au mbaya zaidi, wangeanza kuniangalia. Watu wakianza kukuangalia hawaachi. Anasema, mimi unanieleza hayo? Jina langu la kwanza nililiandika nikiwa mtii, ndilo alilonipa baba. Baba alipokufa nilivaa kanzu yake, nikaenda msikitini, nikasimama safu ya nyuma. Wako waliosonya, yuko aliyehama kunipisha, wako walionisogelea. Kisha nikanakili kurasa hamsini na mbili, nikaandika jina langu ukurasa wa mwisho, mahali pa wazi, kwa wino usiotoka, katika mji ambao kila mtu aliwajua wazazi wangu. Mimi nililiandika. Wewe kulinakili tu kumekushinda?

Naona uchungu, tena si uchungu mzuri wa mtu aliyeonewa, ni ule mchafu wa mtu aliyeonea. Namwambia, samahani. Anasema, watu wa Siriwe hawakuwa wasomi, wengi wao hawakujua hata alifu. Lakini siku niliyokufa walichimba kaburi moja. Nyinyi wenye shahada ndio mmenichimbia la pili.

Kiongozi amesimama mlangoni. Kitendawili, anasema. Sijibu. Anarudia, kitendawili, na nusu mbili za Athumani, ya huku na ya kule, zinaniangalia pamoja, na mdomo wangu unasema tega. Aliingia mmoja, wakahesabu wawili. Nataka niseme mbele ya Mungu kwamba nilitaka kujibu. Neno lilikuwa jina tu, jina la mtu aliyeketi mbele yangu, halihitaji ushujaa mkubwa, mtoto angaliweza. Nafungua mdomo. Na hapo hapo, kutoka sijui wapi, inakuja harufu ya udi, na viatu vinatembea taratibu nyuma ya ukuta, vinasimama, kama mtu anayevua miwani. Nasema, nimeshindwa. Kiongozi anasema, nipe mji. Nauita mji wowote kichwani na hakuna unaoitika. Nimeigawa yote. Umebaki huu tuliomo. Namtazama Athumani, naye amekwisha jua, maana ameanza kuifuta kalamu yake kwenye upindo wa kanzu, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi ya siku. Nasema, chukua Siriwe. Hanilaani. Afadhali angenilaani. Analaza kalamu juu ya ubao, na safu ya kulia inainuka, na safu ya kushoto inainuka, zinakuja kukutana juu ya kichwa changu, na ndani ya kufungwa kule nasikia jibu la kiongozi, la mwisho, karibu na sikio langu.

Naamka. Shavu liko mezani, mate yametoka, mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa kulaliwa. Feni inazunguka. Mswada uko mbele yangu umefungwa, sikumbuki kuufunga. Kadi haipo. Bi Saada amesimama upande wa pili wa meza, na bahasha ya wachapaji iko kwapani mwake, ameifunga kwa gundi tayari. Mama huyu ndiye mkarabati wetu, ameunga karatasi za watu miaka thelathini, na tangu nilipoajiriwa ananiita mwanangu. Namwambia, Bi Saada, kadi ya Siriwe naomba nirudishie, iko kosa. Nashangaa nilivyolisema wepesi. Ananiambia, imeshaingia, mwanangu, na aliyenipa ameniapia kuwa haina kosa. Namwuliza, nani aliyekupa? Anasema, dada yako.

Namwambia sina dada. Anacheka, anasema, wacha mzaha, alikuwa amekaa hapo hapo kwenye kiti chako, nimeingia nikamkuta, ametoka sasa hivi tu, pengine hata ngazi hajazimaliza. Thureya, si ndiye? Mpole, na ananyamaza kama wewe. Amesaini daftari. Ananisukumia daftari la mahudhurio, na humo mna mistari miwili, mmoja chini ya mwingine, tarehe ya leo, Thureya, Thabiti, kalamu moja, mwandiko mmoja, hata uvivu wa kufunga herufi ni mmoja. Najifinya paja. Naumia. Lakini hata kule niliumia, dole lilinitoka damu, na hapa najaribu kukumbuka mlango wa shangazi yangu ni rangi gani na sipati, na huenda ni usingizi tu haujanitoka vizuri. Kutoka ofisi ya mwisho wa ujia nasikia Dakta Mselem anakohoa. Bi Saada anafunua kifuniko cha kalamu. Anasema, nataka niandike pembeni, maana mkuu atauliza. Ni dada yako, sivyo?

Ananingoja. Hana ubaya wowote, ananitazama kwa mapenzi tu, na ninaona kabisa kwamba nikisema hapana, nikisema Bi Saada, huyo ni mimi, atakaa kitako anisikilize mpaka mwisho. Ninaona hivyo waziwazi kama ninavyoiona meza.

Ndiyo, nasema. Ni dada yangu.

Anaandika. Afadhali, mwanangu, anasema, nilikuwa nakuonea huruma siku zote, nikidhani huna mtu.